Nyumba ya Upana wa Futi Saba
(Hotuba juu ya mifereji ya Uingereza na watu wakaao katika vyombo vyake)

Nimepewa nafasi niseme nanyi habari za njia za maji za Uingereza, yaani mifereji iliyochimbwa kwa mikono ya watu ili vyombo vipite, na habari za jamaa ambao nyumba yao ni chombo na mtaa wao ni mfereji. Watu wa pwani wanajua majahazi na mashua tangu utoto, na watu wa maziwa wanajua mitumbwi. Lakini chombo nitakachokieleza leo hakina tanga, hakioni bahari, wala hakiendi upesi kumpita mtu atembeaye kwa miguu. Hata hivyo, kwa muda mrefu makaa ya mawe, chuma, nafaka na chumvi ya nchi ile vilisafiri ndani yake. Na hata leo watu maelfu hulala humo kila usiku.

Kwanza yafaa mjue mifereji hiyo ilitoka wapi. Katika karne ya kumi na nane barabara za Uingereza zilikuwa mbaya sana. Mvua ikinyesha ziligeuka matope, na gari la farasi lilikwama humo hata magurudumu yakavunjika. Watu wa mji wa Manchester walihitaji makaa ya mawe, na karibu yao, mahali paitwapo Worsley, palikuwa na machimbo ya makaa, mali ya Duke wa Bridgewater. Mali ilikuwako chini ya ardhi, lakini njia ya kuifikisha sokoni kwa bei nafuu haikuwako. Basi Duke akamwajiri James Brindley, fundi wa vinu vya kusagia, mtu ambaye elimu yake ya kitabu ilikuwa ndogo mno, lakini akili yake ya maji ilikuwa kubwa. Mwaka 1761 vyombo vya kwanza vilivuka mto Irwell vikipita juu ya daraja la mawe, maji juu ya maji, na watu wakaja kutazama ajabu hiyo. Bei ya makaa katika Manchester ikashuka karibu nusu.

Sababu ya faida hiyo si siri. Farasi akikokota gari barabarani huchukua tani moja au mbili. Farasi huyo huyo akitembea ukingoni mwa mfereji na kukokota chombo kwa kamba, huchukua tani 25 hata 30. Wenye mali walipokwisha kuliona hilo, kila mji ulitaka mfereji wake. Mfinyanzi mashuhuri Josiah Wedgwood, aliyechoka kuona sahani na vikombe vyake vikivunjika barabarani, alikuwa miongoni mwa wale walioudai mfereji wa kuunganisha mto Trent na mto Mersey. Yeye ndiye aliyeinua pande la kwanza la udongo mwaka 1766. Mfereji huo ulikwisha mwaka 1777, baada ya Brindley mwenyewe kufariki dunia.

Hapa ndipo neno dogo lilipokata shauri kubwa. Nchi si tambarare. Ina vilima na mabonde, na maji hayapandi kilima. Kwa hiyo ilimpasa Brindley kujenga vyumba vya maji, ambavyo ndivyo ngazi za vyombo. Akapima gharama, akapima na maji, akaamua kwamba kila chumba kiwe na upana wa futi 7 na urefu wa futi 72 hivi. Alitaka kupunguza matofali, na zaidi ya yote alitaka kupunguza maji. Tangu siku hiyo kila chombo kitakacho kupita katika mifereji hiyo ya katikati ya Uingereza hakina budi kuwa chembamba: upana wake haufiki futi 7. Ndiyo maana Waingereza huviita vyombo vyembamba. Kipimo kilichochaguliwa na fundi mmoja kwa ajili ya kuokoa maji kikawa kipimo cha maisha ya watu kwa vizazi vingi.

Nitawaelezeni jinsi chumba cha maji kinavyofanya kazi, kwa maana asiyekijua hawezi kuyajua maisha ya mfereji. Fikirini sanduku kubwa la matofali lililozikwa ardhini, lenye malango ya mti mzito upande wa juu na upande wa chini. Chombo kitakacho kupanda huingia kwa lango la chini, nalo hufungwa nyuma yake. Kisha mtu aliye nchi kavu huchukua mkono wa chuma, huuzungusha, na vidirisha vya upande wa juu hufunguka chini ya maji. Maji huingia, na chombo huinuka polepole pamoja na watu, jiko na mbwa wao, labda futi 7 au 8. Maji ya ndani yakiwa sawa na maji ya juu, lango hufunguka kwa kusukumwa kwa mgongo. Hapana mtambo, uzito wa maji na nguvu ya mwili wa mtu vyatosha. Chombo kikishuka, mambo hugeuzwa, na hapo nahodha huangalia sana nyuma, kwa maana chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe. Shetri ikikwama juu ya kizingiti hicho hali maji yanapungua, omo huzama na chombo hujaa maji. Vyombo vingi vimezama hivyo.

Basi sikilizeni sana jambo hili. Kila chumba kikijazwa na kumwagwa mara moja, galani 25,000 au zaidi hushuka chini, wala hazirudi zenyewe. Maji hayo hutoka katika mabwawa yaliyojengwa juu vilimani. Kwa hiyo iko desturi iliyo kama sheria: ukiona chombo chaja upande wa pili, na chumba ki tayari kwake, mngoje apite kwanza, ili maji yale yale yawafae wawili. Ukiisha kupita, funga lango, teremsha vidirisha, kisha uende zako. Mtu akisahau kidirisha kimoja wazi usiku, sehemu nzima ya mfereji hukauka hata asubuhi, na watu waliolala humo huamka vitanda vyao vimeinama, chombo kimepwelewa katika tope. Aliyewatenda hivyo hawajui, na yeye hatawaona. Wenyeji wa milimani wanaogawana maji ya mfereji mmoja mashambani wataelewa upesi neno hili.

Sasa nije kwa watu. Hapo mwanzo wanaume walifanya kazi vyomboni, na wake zao na watoto walikaa nyumbani katika nchi kavu. Lakini mwaka 1830 reli ilifunguliwa baina ya Liverpool na Manchester, na baada ya hapo reli zikaenea nchi nzima. Treni ilikwenda upesi na kuchukua mzigo mwingi. Chombo chembamba hakikuweza kukua, kwa maana vyumba vya maji vilikuwa vile vile vya futi 7. Wenye makampuni ya mifereji wakapunguza nauli ili wasinyang'anywe shehena, na nauli ilipopungua, ujira wa mabaharia ukapungua. Mtu asiyeweza kulipa kodi ya nyumba pamoja na ujira wa msaidizi alifanya nini? Aliiacha nyumba, akamleta mkewe na watoto chomboni. Mke akashika kana, mtoto akaongoza farasi, na nyumba yao ikawa kile kijumba cha nyuma, chenye urefu wa futi 10 au pungufu, na upana usiofika futi 7.

Katika kijumba hicho baba, mama na watoto walipika, walikula, walilala, na watoto walizaliwa. Kila kitu kilikuwa na kazi mbili. Mlango wa kabati ulikunjuliwa ukawa meza. Ubao wa ukutani uliteremshwa ukawa kitanda, na asubuhi ukapandishwa tena. Jiko la chuma lilikuwa karibu na mlango, ili mama aliyeshika kana aweze kukitazama chungu bila kuacha usukani. Nao hawakuishi katika uchafu kama wengi walivyodhani. Walisugua shaba mpaka ikang'aa, walitundika sahani nzuri zenye nakshi, na walipaka milango na ndoo zao picha za mawaridi na ngome. Sanaa hiyo ingaliko hata leo.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Walilipwa kwa safari na kwa tani, wala hawakulipwa kwa siku za kungoja. Barafu ikifunga mfereji wakati wa baridi, hapana safari, na pasipo safari hapana fedha. Kwa hiyo walianza kazi kabla ya alfajiri na kuifanya mpaka usiku. Katika handaki la kwanza la Harecastle, lililopenya chini ya kilima kwa yadi 2,880, hapakuwa na njia ya farasi. Farasi alipitishwa juu ya kilima, na wanaume walilala chali juu ya chombo gizani wakikisukuma kwa kukanyaga ukuta kwa miguu, muda wa saa mbili hata tatu.

Walioumia zaidi walikuwa watoto. Mtoto aliye hapa leo, kesho maili 20 mbele, atasoma shule gani? Wengi walikua bila kujua kusoma wala kuandika, wakawategemea makarani wawasomee barua na hesabu za shehena, na mtu asiyejua kusoma hawezi kujua kama amehesabiwa haki. Mtu mmoja, George Smith wa Coalville, aliandika na kusema bila kuchoka juu ya hali yao, na Bunge likapitisha sheria mwaka 1877, kisha nyingine mwaka 1884. Kila chombo cha kukaliwa kiliandikishwa, idadi ya watu wa kulala ndani ikawekewa kiasi, na wakaguzi wakapewa ruhusa ya kuingia na kutazama. Afya ilitengenezeka. Shule ikabaki kuwa taabu, kwa maana sheria yaweza kumhesabu mtoto, lakini haiwezi kukisimamisha chombo ambacho baba yake halipwi kikisimama.

Baadaye mitambo ya mafuta ikaingia mahali pa farasi. Chombo chenye mtambo kilivuta cha pili kisicho na mtambo, mfano wa tishari, na jamaa moja ikaendesha vyote viwili, tani 50 kwa safari moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanaume walipopungua, wasichana wa miji, wengine wasiopata kuosha hata sufuria, walijitolea kufanya kazi hiyo katika mfereji wa Grand Union, toka London kwenda Birmingham, wakirudi na makaa ya mawe. Wenyeji wa mfereji waliwatazama kwa mashaka kwanza, kisha wakawafundisha.

Vita vilipokwisha, magari ya barabarani yalimaliza kazi iliyoanzwa na reli. Mwaka 1948 mifereji mingi ikawa mali ya Serikali. Baridi ya mwaka 1962 na 1963 ilikuwa kali mno. Maji yaliganda wiki nyingi, shehena zikahamia barabarani, na nyingi hazikurudi tena. Mwaka 1970 ikaisha safari ya mwisho ya kawaida ya masafa marefu, iliyopeleka makaa ya mawe mpaka kiwanda cha jemu huko Southall, London. Jamaa zilizozaliwa majini vizazi vitatu au vinne zikahamia nchi kavu.

Wengi walisema, basi, mifereji ifukiwe. Na mingi ilifukiwa, au iliachwa ikajaa magugu na takataka. Lakini mwaka 1944 mhandisi L. T. C. Rolt alitoa kitabu juu ya safari yake katika chombo chake, Cressy, na mwaka 1946 yeye na Robert Aickman na wenzao wakaunda chama cha kutetea njia za maji za ndani. Hawakuwa na mali. Walikuwa na ushahidi na subira.

Nitawapeni mfano mmoja. Mwaka 1958 halmashauri ya Warwickshire iliomba idhini ya kuufunga mfereji wa kusini wa Stratford-upon-Avon, ili isilazimike kujenga upya daraja lililo juu yake. Hoja yao ilikuwa kwamba hapana chombo kilichopita humo kwa miaka mitatu. Watetezi wakatoa cheti cha ushuru kilicholipiwa kwa mtumbwi mdogo uliopita humo. Mtumbwi ni chombo, na cheti ni cheti. Ombi likakataliwa. Kisha watu wa kujitolea, pamoja na askari na wafungwa, wakaingia katika tope, wakajenga upya vyumba vya maji, na mwaka 1964 mfereji ukafunguliwa. Tangu hapo mingine mingi imefufuliwa kwa njia hiyo hiyo: ule wa Kennet na Avon mwaka 1990, wenye ngazi ya vyumba 29 huko Devizes, ule mwembamba wa Huddersfield mwaka 2001, ule wa Rochdale mwaka 2002.

Na leo je? Tangu mwaka 2012 sehemu kubwa ya mifereji ya Uingereza na Wales, yapata maili 2,000, hutunzwa na amana iitwayo Canal & River Trust. Vyombo vyenye leseni katika maji yake vimepita 30,000. Ni vingi kuliko vya siku za biashara. Vingi ni vya matembezi: watu hukodi kwa juma moja, hujifunza kushika kana, hufungua malango wenyewe, na kusafiri kwa mwendo usiopita maili 4 kwa saa. Lakini watu wengi hukaa humo mwaka mzima, kwa sababu nyumba za nchi kavu zimekuwa ghali kupita uwezo wao. Chombo sasa ni cha chuma. Kijumba kimeenea karibu urefu wote. Juu ya paa mna vibao vya kuvuna umeme wa jua. Walakini mengi ni ya zamani. Maji ya kunywa huchotwa katika bomba la ukingoni na kujazwa katika tangi. Choo humwagwa mahali palipowekwa na si penginepo. Jiko huwashwa kwa kuni na makaa, na vingaliko vyombo vichache vipitavyo vikiuza makaa, gesi na mafuta kutoka mlango hata mlango.

Asiye na mahali pake pa kudumu pa kufunga chombo hubanwa na sheria ya mwaka 1995: asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Kwa mzee asafiriye kwa furaha, hiyo si taabu. Kwa mama mwenye kazi mjini na mtoto shuleni, ni taabu kubwa. Kila majuma mawili nyumba huhama, na shule haihami. Hivyo swali la mwaka 1877 lingaliko, ijapokuwa wanaoliuliza ni watu wengine. Tangu mwaka 2024 vyombo visivyo na mahali pa kudumu hulipa leseni ya juu zaidi, na wengi wenye vyombo hivyo wamelalamika. Amana nayo hujibu kwamba malango ni ya mti na huoza, na kuta ni za kale na hubomoka. Tena Serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba msaada wake utapungua mwaka hata mwaka kuanzia 2027. Pande zote mbili zina hoja, na anayewasikiliza asifanye haraka kuhukumu.

Tena kuna maji yenyewe. Wakati wa ukame wa mwaka 2025 mabwawa yalipungua sana, na sehemu ndefu za mifereji, ukiwamo ule wa Leeds na Liverpool, zilifungwa kwa majuma mengi. Watu waliokuwa safarini walikwama mahali walipo. Ndipo walipoona tena yale aliyoyaona Brindley zaidi ya miaka 250 iliyopita, kwamba matofali hupatikana, na chuma hupatikana, lakini maji hayana badala.

Basi, Mabwana na Mabibi, mkiuliza mifereji hiyo imedumu kwa nguvu gani, sitasema kwa fedha, kwa maana fedha iliikimbia mara mbili, kwanza kwenda reli na kisha kwenda barabara. Imedumu kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu walioitunza njia hata pale ambapo haikuwaletea faida wao wenyewe. Ukipita leo katika chumba cha maji mvua ikinyesha, utamwona mtu amekwisha kukitoa chombo chake, naye akirudi nyuma kwa miguu kufunga lango. Hakuna anayemtazama, na yeye mwenyewe hana haja tena na maji hayo. Anamfungia mtu atakayekuja baadaye. Neno hilo si la Waingereza peke yao. Lawafaa wote wanywao katika kisima kimoja.